Kutenganisha taka nyumbani Dar wakati hakuna gari la risaiko: maswali ninayoulizwa kila siku

Niko Kimara, nyumbani tunalala watu sita, na taka natenganisha tangu 2019, mwaka ule mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchi nzima kuanzia tarehe 1 Juni. Majirani wananiuliza, mashoga zangu wa Tabata na Mbagala wananiuliza, na maswali ni yaleyale, kwahiyo nimeona niyaandike yote sehemu moja mtu asome akiwa ametulia.

Gari la taka si linapita na tunalipia? Kwanini nijisumbue?

Linapita, na hela lipia, usiache. Ila gari hilo linachanganya kila kitu. Kiroba chako ulichokitenga vizuri kinarushwa juu ya pampasi na maganda ya ndizi za jirani, safari inaishia dampo la Pugu Kinyamwezi, na kule kuna kina mama na vijana wanachambua kwa mikono mitupu kutafuta ileile chupa uliyokuwa nayo wewe jikoni ikiwa safi. Hilo ndo linaloniuma mimi kuliko yote. Chupa ikitoka kwangu kavu na safi, mtu anaibeba bila kujikata wala kuingiza mkono kwenye uchafu. Alafu kuna wiki gari halionekani kabisa, masika imekolea, mvua inashuka, taka zote za mtaa zinaingia mtaroni, mtaro unaziba, maji yanaingia ndani kwa watu. Wa Jangwani kule bondeni wanalijua hili vizuri kuliko sisi wa mlimani, japo uchafu mwingine unawashukia kutoka huku kwetu.

Nianze na nini? Ninunue zile ndoo za rangi?

Usinunue kitu. Hapa ndo wengi wanakosea, na mi nilikosea hivyohivyo. Nilianza na vyombo, nikapanga ndoo nne kwa mstari, nikabandika karatasi, nikatenga mitungi ya jemu na chupa za vioo miezi tisa nzima, siku ya kuuza nikagundua mtaani kwetu hakuna hata mmoja anayenunua vioo. Miezi tisa nimelea taka stoo!

Anza na mnunuzi. Kitu kisichokuwa na mtu wa kukichukua usikitenge, kwasababu utakuwa umehamisha dampo tu ukalileta chumbani. Ukishajua nani anachukua nini, hapo ndo unatafuta kiroba.

Mnunuzi nampata wapi sasa?

Wapo kila kona, ni vile hatuwaangalii. Kuna wa aina tatu. Kuna wanaopita mtaani na mkokoteni au guta wakipiga kelele "skrepaaa, vyuma chakavuuu", kuna waokota makopo wanaopita alfajiri na kiroba begani, na kuna wenye vituo vyenye mzani, utaona milima ya chupa za maji na maboksi imefungwa kamba nje ya uzio. Toka Jumamosi asubuhi tembea kwa mguu nusu saa, ukiona kituo ingia, salimia, uliza maswali matatu tu: mnachukua nini, mnakitaka kikiwaje, na kuanzia kilo ngapi mnakuja kuchukua wenyewe. Ukikosa kabisa muulize mwenye genge au fundi welda, hao wanajua kila mtu.

Afu ukimpata muokota makopo anayepita kwako mara kwa mara, muulize jina, chukua namba, msalimie kama unavyomsalimia muuza mkaa wako. Mama mmoja anapita kwangu kila Jumatano miaka mitatu sasa, hajawahi kuvuruga kiroba changu wala kumwaga taka nje, kwasababu anajua vyake namuwekea pembeni.

Nitenge mafungu mangapi?

Kwa kuanzia matatu yanatosha: vya jikoni vinavyooza, vikavu vyenye mnunuzi, na vilivyobaki vya gari la taka. Mi nina ndoo yenye mfuniko jikoni, viroba viwili vya salfeti vimening'inia kwenye misumari nyuma ya nyumba (kimoja chupa za maji na soda, kingine makopo ya bati na alumini), maboksi nayabana nyuma ya mlango wa stoo, na ndoo ndogo ya mabaki. Baada ya kuzoea utajikuta unaongeza mwenyewe, ila ukianza na mafungu saba, wiki ya pili umechoka umerudi kwenye kiroba kimoja.

Na hivi vya jikoni nivifanyeje? Mbona ndo vingi kuliko vyote?

Ndo vingi, na ndo ufunguo wa mambo yote. Sisi tunapika mbichi kila siku, maganda ya ndizi, ya mihogo, mabua ya mchicha, machicha ya nazi, maganda ya tikiti, ukipima taka za nyumba ya Kiswahili hivyo ndo vinavyojaza ndoo. Ukivitoa, kilichobaki hakinuki, hakiiti nzi, panya hawana cha kufuata, na chupa na maboksi yanabaki masafi kwahiyo yanauzika. Ukivichanganya umeharibu vyote.

Mi kwangu kinachoweza kuliwa kinaliwa kwanza. Machicha ya nazi, ukoko, majani ya kabichi ya nje, vinaenda kwa kuku wa jirani. Kama kuna mfugaji wa nguruwe karibu atakuletea ndoo yake mwenyewe, huku kwetu na kule Goba wapo. Ila chakula kilichoota ukungu usimpe kuku wala mnyama yeyote, ukungu wa mahindi na karanga una sumu. Vifuu vya nazi ni kuni nzuri sana, vinawasha jiko la mkaa haraka, usitupe hata kimoja.

Kinachobaki nafanya mboji. Una kauwanja? Chimba shimo la futi mbili au panga matofali bila saruji, hewa ipite. Hauna? Chukua ndoo ya lita 20, toboa matundu chini na ubavuni kwa msumari wa moto, iweke juu ya mawe mawili. Kila ukimwaga ndoo moja ya mabichi funika na ndoo mbili za vikavu: majani makavu, maranda kutoka kwa fundi seremala (anakupa bure, anashukuru), maboksi yaliyochanwachanwa. Geuza mara moja kwa wiki. Kwa joto la Dar miezi miwili mpaka mitatu inakuwa nyeusi, inavunjika mkononi, inanuka kama udongo baada ya mvua ya kwanza. Mchicha niliopanda kwenye hiyo mboji tunaula sasa hivi.

Nyama, mifupa ya samaki na mafuta ya kukaangia usiweke, utaita paka wote wa Kimara. Maganda ya machungwa na mbegu za embe vinaoza taratibu sana, vikatekate au weka kidogokidogo.

Mboji yangu inanuka yai bovu, nimekosea wapi?

Imekosa hewa, imelowa. Chukua fumba moja ukamue: ikitoa matone ya maji imezidi unyevu, ongeza maranda au maboksi na uigeuze yote mpaka chini. Ikiwa kavu inapeperuka vumbi, nyunyiza maji. Ni hivyo tu.

Chupa za maji nizioshe? Vifuniko nivitoe?

Za maji hapana, mimina tu tone lililobaki. Za soda, juisi na maziwa suuza kwa maji machafu ya vyombo, usifungulie bomba kwa ajili ya chupa. Chupa ya maziwa mtindi ukiiacha na mfuniko wake siku nne na jua hili, ukija kuifungua utajuta.

Halafu ibinye. Kanyaga mpaka hewa yote itoke ndo uitie kirobani, kiroba kimoja kinabeba mara tatu ya chupa zilizovimba. Kuhusu vifuniko, vituo vingi vinapenda vikae peke yake kwasababu ni plastiki nyingine kabisa. Ukitaka kuona kwa macho chukua beseni la maji, katakata kipande cha chupa na kipande cha kifuniko utie vyote: cha chupa kinazama chini, cha kifuniko kinaelea. Kiwandani wanatenganisha kwa njia hiyohiyo ya maji baada ya kusaga. Watoto wangu walifurahi na hilo beseni jioni nzima, na tangu siku hiyo vifuniko ni kazi yao.

Zile namba kwenye pembetatu zina maana gani?

Zinasema ni plastiki ya aina gani, hazimaanishi kwamba inarejelezwa. Namba 1 ni chupa za maji na soda, 2 ni ngumu kama madumu ya mafuta, chupa za shampuu na za dawa ya chooni, 5 ni ndoo, vifuniko na makopo mengi ya siagi. Hizo tatu ndo zenye wanunuzi zaidi. Namba 6 vile viboksi vyeupe vya povu vya chipsi, mi sijawahi kumpata mtu wa kuvichukua, kwahiyo nikienda kununua chipsi naenda na bakuli langu. Namba 3, ile PVC ya mabomba, usiichanganye na chochote na wala usiichome, moshi wake ni sumu kali.

Nitapata hela kiasi gani?

Ndogo, nisikudanganye. Chupa za nusu lita unahitaji kama 50 mpaka 70 kufikisha kilo moja, na bei ya kilo inapanda na kushuka, ikishuka inashuka haswa. Nyumba ya watu sita huwezi kutegemea hela hiyo kwa lolote la maana. Mi chupa na maboksi nampa yule mama wa Jumatano bure, kwake ikikusanyika na za nyumba nyingine ni unga wa watoto. Alumini, shaba ya nyaya na vyuma nauza, maana hivyo vina bei.

Ukiuza, jua mzani. Beba dumu la lita 5 lililojaa maji: maji hayo ni kilo 5, na dumu lenyewe linaongeza kidogo sana. Mzani ukisoma tatu na nusu unaondoka na mzigo wako kwa adabu, hamna haja ya kugombana.

Maboksi na makaratasi je?

Yanatakiwa makavu, basi. Kunjua, toa selotepu, funga kamba, weka juu ya kitu, sio sakafuni. Masika unyevu unapanda kutoka kwenye sementi na boksi linalowa chini bila wewe kujua, nimewahi kuambiwa "mama, hili limeloa siwezi kulichukua" wakati juu lilikuwa kavu kabisa. Madaftari ya zamani muuza karanga anayataka. Trei za mayai mrudishie muuza mayai. Yale maboksi ya maziwa na juisi yanayong'aa ndani usichanganye na maboksi ya kawaida, yana karatasi, plastiki na alumini vimegandana pamoja. Mi nayakata juu naoteshea miche ya pilipili.

Chupa za vioo?

Za soda na bia zenye kreti zinarudi dukani, na huo mfumo wa kuacha chupa ndo uchukue mpya tumeishi nao toka tukiwa wadogo, chupa moja inaoshwa na kujazwa tena mara nyingi, ni bora kuliko risaiko yoyote. Kama una duka la soda za chupa karibu nunua hizo badala ya za plastiki. Mitungi yenye mfuniko kuna wauza asali, achari na pilipili wanaihitaji, waulize kwanza wanataka ukubwa gani. Kioo kilichovunjika funga kwenye gazeti zito, tia ndani ya boksi, andika kwa kalamu KIOO, ndo umpe mtu wa gari. Kile kidole kitakachokatwa ni cha mtu anayelea familia.

Nitajuaje bati na alumini?

Sumaku. Spika mbovu ya redio ina sumaku kubwa nyuma, muombe fundi. Inapovuta ni chuma au bati, isipovuta na ni jepesi basi ni alumini, na alumini ndo yenye bei. Kuyeyusha alumini ya zamani kunaokoa kama asilimia 95 ya umeme na moto unaohitajika kuitoa kwenye mawe, ndo maana inatafutwa. Makopo ya bati nayo yana kazi, nenda Gerezani uone mafundi wanavyogeuza vyuma chakavu kuwa majiko ya mkaa. Suuza tu makopo ya nyanya, kingo zake zikunje kwa ndani.

Nailoni za mkate, vifuko vya maziwa, sacheti za sabuni?

Hapa nakuwa mkweli, hapa bado tunateseka. Sacheti zinazong'aa hazina mtu. Vifuko vya maziwa vikioshwa vikakauka vinakuwa viriba vizuri vya miche, toboa matundu chini, bustani za miche barabarani zinavipokea kwa furaha. Nailoni safi na kavu vituo vichache vinachukua, uliza. Zilizobaki dawa ni kupunguza kuingia nazo: sabuni ya unga nunua mfuko mkubwa, sukari na mchele nenda na chombo dukani, muuza duka ataangalia mara ya kwanza tu, mara ya pili kashazoea.

Kandambili zilizokatika nazo hazina mnunuzi kwetu, lakini kule Lamu mafundi walijenga jahazi zima la plastiki zilizookotwa na kulifunika kwa vipande vya kandambili, likashushwa majini 2018, na mwaka uliofuata likasafiri mpaka Zanzibar. Watu waliotengeneza mitumbwi ya mbao maisha yao yote ndo waliolijenga. Kila nikimuonesha mtoto picha yake anaamini kitu kilichokatika bado ni kitu.

Betri, balbu, simu mbovu?

Hivi viweke kwenye kopo lenye mfuniko, juu, watoto wasifikie, na usivitupe kwenye mboji wala usivichome. Taa ndefu za mwanga mweupe na zile balbu zilizojisokota zina zebaki ndani, zisivunjwe. Simu na chaja mpelekee fundi simu, anang'oa spea. Betri ya simu iliyovimba usiitoboe kabisa, inalipuka moto.

Betri ya gari au ya sola ni ya kurudisha ulikonunua mpya, na usimruhusu mtu aivunje mtaani kwako kutoa madini ya risasi. Kule Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za zamani na sumu ya risasi ikaingia kwenye miili ya watu, watoto wakiwemo. Phyllis Omido, aliyekuwa anafanya kazi hapohapo kiwandani na mwanae akakutwa na risasi kwenye damu, ndo alisimama kupigania mtaa, na 2015 akapewa tuzo ya Goldman ya mazingira.

Pampasi, pedi, sindano za kisukari?

Pampasi na pedi ni za gari la taka, zifunge vizuri. Sindano zitie kwenye dumu gumu la plastiki, mfuniko ukazwe, likikaribia kujaa lipeleke kituo cha afya, waulize watakuelekeza pa kuliweka. Usizitie kamwe kwenye kiroba cha chupa.

Si nichome tu yaishe?

Majani makavu yaweke kwenye mboji. Plastiki usichome, ndugu yangu, moshi ule unaingia kwa mtoto mchanga wa jirani aliyelala dirishani, na majivu yake unayamwaga kwenye mchicha unaokula.

Hivi viroba nyuma ya nyumba si vitaleta mbu?

Vitaleta kama maji yanatuama. Mbu wa dengue anataka maji kidogo tu kama ya kwenye kifuniko cha chupa, na Dar tumeugua dengue 2014 na tena 2019. Kwahiyo chupa ifungwe au ibinywe, kopo ligeuzwe kichwa chini, kiroba kining'inie chini ya paa. Na usikusanye zaidi ya mwezi, tairi la zamani ndo kabisa usilikaribishe.

Nimepanga chumba kimoja, uwanja ni wa wapangaji wote.

Kiroba kimoja nyuma ya mlango na ndoo moja yenye mfuniko. Ongea na wenzako, nyumba ya wapangaji watano mkikusanya chupa pamoja mnajaza kiroba kwa wiki na mnunuzi anakuja mwenyewe mlangoni, peke yako ungesubiri mwezi na nusu. Mwambie mama mwenye nyumba kabla hujaanza, mpelekee mboji yako ya kwanza kwenye maua yake.

Watu wa nyumbani hawafuati. Nifanyeje?

Usibandike sheria ukutani. Mi nilikaa na dada wa kazi nikamuuliza yeye ndoo ikae wapi, akasema karibu na karo sio karibu na mlango kama nilivyoweka mimi, na toka siku hiyo hajawahi kukosea, kwasababu yeye ndo anayemenya na kuosha, mi nilikuwa napanga jiko nisilosimama. Hela ya alumini ni yake. Baba watoto alichukua kama miezi minne, sikumsema, nilikuwa natoa chupa kwenye maganda mbele yake na kuisuuza, siku moja nikamkuta anaibinya mwenyewe.

Mnunuzi wangu kapotea na stoo imejaa.

Inatokea sana bei ikishuka kiwandani, hata vituo vinaacha kununua wiki kadhaa. Chupa hazichachi, zilizobinywa na kavu zinakaa. Maboksi ndo ya kuwahi, mpe mwenye genge au fundi rangi atandike chini. Ndo maana nasema uwe na namba za wanunuzi wawili sio mmoja, na siku ukiwa huna haraka upite tena kwa mguu, utakuta kituo kingine kimefunguliwa mtaa wa pili.